Mashimo Matupu ya Mhando

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri. Sogezeni vigoda, na aliye karibu na moto amwachie mwenzake nafasi. Hadithi ya leo si ndefu, lakini nitaisema polepole, maana ndivyo inavyopenda kusemwa. Tena basi: Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walipokuwa wakisalimiana njiani, palikuwa na watu watatu katika nyumba moja. Baba aliitwa Mhando. Mama aliitwa Mwantumu. Binti yao aliitwa Kidawa, na umri wake ulikuwa ule wa meno ya mbele kung'oka. Hawakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Walikuwa na shamba la mahindi chini ya kilima, na jembe, na kibuyu cha mbegu.

Masika yalipokaribia, nyumba ile ilikuwa na furaha zake. Mwantumu alikata miyaa, akaianika, akasuka ukili mrefu, kisha akaushona ukawa kikapu kipya cha kutilia mbegu. Kikapu cha mwaka uliopita alimpa Kidawa, naye akakifanya kitanda cha mwanasesere wake wa gunzi la mahindi. Mbegu zenyewe zilikaa ndani ya kibuyu juu ya meko. Zilichanganywa na majivu ili fukusi wasizile, na mdomo wa kibuyu ulizibwa kwa gunzi. Mvua ya kwanza ikinyesha na udongo ukianza kunukia, Mwantumu alichemsha viazi vitamu, akavifunga katika jani la mgomba, wakatoka wote watatu.

Sikilizeni walivyopanda. Mhando alitangulia na jembe, akichimba. Mwantumu alifuata katikati, akitia mbegu, na kila shimo alilitajia jina la Mungu. Kidawa alikuja nyuma, akifukia kwa mguu. Jembe likasema: kubu! Mama akasema: Bismillahi. Mguu ukasema: pwata.

Kubu, Bismillahi, pwata. Kubu, Bismillahi, pwata. Kubu, Bismillahi, pwata. Mstari mzima, shamba zima.

"Mwantumu, unanikanyaga kisigino!" Mhando alilalamika.

"Chimba upesi basi, kobe wangu," Mwantumu alijibu.

Kila mwaka maneno yalikuwa hayo hayo, na kila mwaka waliyacheka kama mapya. Kazi ilipokwisha, Mwantumu alimwaga konzi moja ya mbegu kwenye kona ya shamba, kando ya kichaka. "Hii ni ya wasio na jembe," alisema. Halafu wakakaa wakala viazi vyao, na mikono ina udongo.

Basi mwaka mmoja, kiangazi kikiwa mwishoni, Mwantumu aliugua. Kikapu kipya kilikuwa mikononi mwake, kimefika nusu, na ukili unaning'inia. Aliugua siku tatu. Siku ya nne Mungu akamchukua.

Ninyi mliofiwa mnajua nyumba inavyokuwa. Kigoda chake kipo. Kata yake ya maji ipo. Kamba yake ya kuni ipo. Yeye hayupo. Mhando hakulia. Aliswali, akala kidogo, akalala.

Masika yakaja, maana masika hayaulizi. Mhando akachukua jembe. Kidawa akamfuata. Wakaenda shambani, baba mbele, mtoto nyuma, wakapanda. Kubu... pwata. Kubu... pwata. Kubu... pwata. Mpaka jua likawa utosini.

"Tumemaliza," alisema baba.

"Tumemaliza," alisema mtoto.

Mbona mnatazamana? Ngojeni.

Siku ya saba mashamba ya jirani yalichipua. La Mhando, udongo mtupu. Siku ya nane, udongo mtupu. Siku ya tisa, udongo mtupu, na kila mahali nyayo za kanga.

"Ahaa!" alisema Mhando. "Mwizi wangu nimemjua." Akasokota kamba, akatega mtego.

Asubuhi yake kanga alikuwa ananing'inia kwa mguu mmoja. Siku hizo kanga alikuwa mweusi mwili mzima, mweusi kama chungu cha zamani. Mvua ilikuwa imemlowesha chapachapa, lakini maneno yake hayakulowa hata kidogo.

"Mhando! We Mhando! Unanitegea mimi?"

"Nimtegee nani mwingine? Umekula shamba langu lote."

"Nimekula nini? Nimefukua shimo la kwanza, hamna kitu. Nimefukua la pili, hamna kitu. Nimefukua la tatu, hamna kitu. Kucha zangu zimeisha, na watoto wangu kichakani wanalia njaa. Mwenye kudai hapa ni mimi!"

"Mwizi na maneno!" alisema Mhando. Akamlaza kanga, akashika kisu. Kidawa akageuza uso. Mhando akafungua kinywa alitaje jina la Mungu kama inavyopasa.

"Bismi..."

"Enhe!" kanga akapiga kelele. "Hilo hapo! Hilo neno siku ya kupanda sikulisikia!"

Mkono wa Mhando ukasimama. "Neno gani?"

"Nilikuwa kichakani nasikiliza, baba wee. Ndiyo desturi yangu kila mwaka. Jembe nililisikia: kubu. Mguu niliusikia: pwata. Katikati sikusikia kitu. Nikasema, labda mwaka huu mama Kidawa anasema kimoyomoyo. Nikaenda konani kuchukua konzi yangu, kona tupu. Ndiyo maana nikaingia shambani. Haya, niambie mwenyewe: mbegu alitia nani?"

Mhando akamtazama Kidawa. Kidawa akamtazama baba yake.

"Mimi ni mfukiaji, baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi ni mchimbaji," alisema Mhando.

Wakafukua shimo la kwanza. Hamna kitu. Wakafukua la pili. Hamna kitu. Wakafukua la tatu. Hamna kitu. Walikuwa wamechimba na kufukia shamba zima, na hakuna aliyetia hata punje.

"Lakini nilimsikia, baba," alisema Kidawa. "Kila shimo nilimsikia."

"Hata mimi, mwanangu. Hata mimi nilimsikia."

Hapo ndipo Mhando alipokaa chini kwenye matope, akalia. Alilia kilio chote alichokiweka tangu mazikoni. Kidawa akamkalia mapajani, akalia naye. Kanga alingoja kwa adabu, mguu ukiwa bado kambani. Alipoona wamepumua akakohoa.

"Poleni. Mungu amlaze pema, hata mimi alinilisha. Lakini udongo bado una maji, na hautangoja. Siku tano, sita hivi, kisha basi. Mkikosa masika haya mtakula nini? Na mnifungue, mguu umekufa ganzi."

Mhando akamfungua. Wakaenda nyumbani, na kanga nyuma yao akichechemea.

Kibuyu kilikuwa pale pale juu ya meko, kimejaa. Gunzi lilikuwa mdomoni mwake kama Mwantumu alivyolitia. Mhando akakishusha. Akashika gunzi, akaliachia. Akashika mara ya pili, akaliachia. Akashika mara ya tatu, akakiweka kibuyu chini.

"Siwezi," alisema. "Hapa mkono wake ndio wa mwisho. Nikizibua, ndiyo basi."

"Usipozibua, fukusi watakuzibulia," alisema kanga.

"Nyamaza wewe!"

Kidawa akakivuta kibuyu kwake. "Baba, mama aliziba ili tuje tuzibue," alisema. "Angetaka zikae humo, angezipanda lini?"

Kidawa akakikumbatia kibuyu kwa magoti, akauma gunzi kwa meno ya pembeni, maana ya mbele hakuwa nayo, akavuta. Gunzi likatoka ghafla: po! Majivu ya meko ya Mwantumu yakaruka juu kama moshi, yakashuka taratibu. Yakamwangukia Mhando kichwani. Yakamwangukia Kidawa usoni. Yakamwangukia kanga mgongoni, na kwa kuwa kanga alikuwa ameloa, yakamganda, kila chembe mahali pake.

"Nimechafuka!" alilia kanga.

"Umependeza," alisema Kidawa. Na Mhando, kwa mara ya kwanza tangu mazikoni, akacheka.

Mvua ikawazuia adhuhuri ile, basi Kidawa akakichukua kikapu cha mama yake kilichofika nusu. Akausuka ukili kama alivyokuwa akiona, akaushona. Nusu ya chini ilinyooka kama maji ya mtungini. Nusu ya juu ilipinda.

"Upande huu umeenda wapi?" aliuliza baba.

"Huo ni wangu," alisema Kidawa. Mhando akausogezea mkono, akaupapasa, hasa pale palipounganishwa.

Kesho yake walirudi shambani. Mhando akashika jembe. Kidawa akafunga kikapu kiunoni, akasimama katikati.

"Na nani atafukia?" aliuliza Mhando.

Kanga akakohoa. "Miguu hii imezoea kufukua. Lakini kufukia ni kule kule, ila unageuka. Nipeni kona yangu, mimi na wanangu tutafukia."

Wakaanza. Jembe likasema: kubu! Kidawa akasema: Bismillahi. Kanga akasema: kwaru. Kubu, Bismillahi, kwaru. Kubu, Bismillahi, kwaru. Sauti ya katikati ilikuwa ndogo, tena ina kithembe kwa sababu ya mapengo, lakini kila shimo liliipata. Mhando hakugeuka nyuma. Alichimba tu, macho yakimtiririka, mpaka walipofika nusu ya shamba, akahisi kidole kidogo cha mguu juu ya kisigino chake.

Akasimama.

"We! Unanikanyaga kisigino!"

Hata kanga aliacha kukwaruza.

"Chimba upesi basi," alisema Kidawa, "kobe wangu."

Mwaka ule walivuna. Konzi ya konani ilimwagwa, na inamwagwa hadi leo na wenye kukumbuka. Na kanga hajayaosha majivu yale. Mkimwona asubuhi pembeni mwa shamba, mweusi mwenye vidoa vyeupe kuanzia shingoni hadi mkiani, msimrushie jiwe. Ile ni alama ya jikoni kwa Mwantumu, ameibeba mgongoni, anaipitisha mbele yetu kila masika.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kona ya shamba. Aliye na konzi ya mbegu na aiache.