Herufi Zilizovimba

Haya wapendwa, wekeni simu chini kidogo. Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, kijana mwenye kichwa kweli kweli. Bwana huyu alitengeneza ubao wa mpira laini ambao ukiupitishia umeme unavimba na kutoa herufi. Asiyeona anapapasa, anasoma. Mnaiona akili hiyo?

Aliutengeneza kwa ajili ya mama mmoja mbangua korosho, aliyejua kusoma vizuri tu kabla hajapofuka. Mama alikuwa na binti mmoja, kaolewa mbali. Kila ujumbe wa binti lazima jirani amsomee, na kabla ya jioni mtaa mzima unajua.

"Baba, nataka kusoma ya mwanangu peke yangu," alimwambia fundi. "Basi, sitaki kingine."

Fundi akaahidi. Miezi minane akahangaika. Kila siku alifumba macho, akapapasa kwa vidole vyake mwenyewe, akasoma, akafurahi.

Siku ya kuuonyesha akajaza wageni ukumbini. Ubao ukavimba, ujumbe wa binti ukasimama wazi: MAMA NIMEACHIKA NARUDI. Mama akapapasa. Akapapasa tena.

"Taratibu tu, mama," fundi akasema, jasho linamtoka.

"Mbona ni tambarare, baba? Pameandikwa nini?"

Fundi akamshika kidole amwongoze. Lo! Kigumu, kikavu, hakina hata mistari. Mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yamekila kwa miaka thelathini.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wabanguaji wote vidole vyetu vimekufa ganzi. Na wewe hujawahi kunipa mkono, baba. Shikamoo yako ilikuwa ya mlangoni, unauliza maswali yako, unaondoka."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ukumbi mzima ulikuwa umeshausoma ule ujumbe, isipokuwa mama mwenyewe.

Mnamcheka? Msimcheke. Sisi je? Ni nani hapa hajamshonea yatima sare kwa kipimo cha mwanawe, kisha akanuna kwa kuwa haikuvaliwa? Tunawapenda watu, ndiyo, lakini kwa mbali, tusije tukachafuka.

Na mimi ninayewafokea, kuna mjane wa kanisa hili nimemwombea kwa jina, hapa hapa mimbarini, kila Jumapili tangu Pasaka. Juzi sokoni mama mmoja kanisalimia kwa furaha. Nikamwuliza, "Samahani mama, wewe ni nani?"

Alikuwa ni yeye. Na leo kaja, kakaa katikati yenu, na bado naona haya kumtazama.