Kwa Nini Nyasi za Uwandani Hulala

Toa mguu hapo, mkwe. Najua umetoka mbali na umekuja kwa heri, lakini huku kwetu nyasi zenye sakitu hazikanyagwi. Weupe huo unaouona ni umande ulioganda. Njoo ukae hapa barazani na mtoto wako mpaka jua lipande, na ninyi wengine sogeeni, niwaeleze ilivyokuwa.

Enzi hizo baridi ilikuwa haijaujua uwanda huu. Nyasi zilimfika mtu mzima kiunoni, na zilikuwa kijani mwaka mzima. Kila mwanamume aliyejenga nyumba alipanda nyasi zake mbele ya mlango, kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wake akizaliwa, alilazwa juu ya nyasi hizo ndipo akapewa jina. Asiyelazwa kwenye nyasi za baba yake hakuhesabiwa kuwa wa ukoo. Alipelekwa kwa wajomba, na nyumba ya baba yake wakaichukua wengine. Ndivyo walivyokuwa, msiniulize akili hizo walizitoa wapi.

Kijana mmoja, Lwitiko, alipanda zake mwaka aliomwoa Sekela. Aliokota mawe, akalainisha udongo, akapanda shina mojamoja. Hakubahatika kuziona zikijaa. Homa ilimchukua, akamwacha Sekela na mimba changa na uwanja uliokuwa ndio kwanza unachipua.

Mwaka huohuo baridi ikaja. Asubuhi moja watu walifungua milango wakakuta uwanda wote mweupe mpaka kule mwisho wa macho, kimya, hata ndege hawalii. Walisimama vizingitini, wakitazama. Mimi hapa nikisimulia tu mwili unanisisimka, sembuse wao walioona kwa mara ya kwanza. Jua likauondoa ule weupe, lakini haikupita muda nyasi zote zikawa rangi ya mkeka uliochakaa.

Sasa watu wale, kwa jinsi walivyozipenda nyasi zao, walifanya jambo ambalo mpaka leo sijui nicheke au nilie. Waliziwekea matanga! Walinyoa nywele, wakakaa chini, wakalia kweli kweli. Matanga yalipokwisha wakashika majembe, wakazing'oa na mizizi yake, wakazichoma moto, kama walivyozoea kuchoma malalo ya marehemu.

Wakafika kwa Sekela na majembe begani. Aliyetangulia alikuwa Ambakisye, kaka wa marehemu Lwitiko. Alimweleza kwa upole kwamba nyasi zimekufa na ni vibaya kukaa na maiti mlangoni. Sekela alikuwa ameketi kizingitini, na hakuinuka.

"Shemeji, hizi zimelala," alisema. "Aliyelala hazikwi."

Watu wakaguna. Wakasema ni uchungu wa mume unaomsemesha. Lakini kumng'olea mjane mjamzito uwanja wake ni aibu, kwa hiyo Ambakisye akatoa sharti. Mtoto akizaliwa watamlaza hapohapo. Wakikuta nyasi zimekufa, mtoto ataenda kwa wajomba, na nyumba ataichukua yeye. Sekela akakubali. Angefanyaje?

Baridi ile ilikuwa ndefu. Sekela hakuzikata nyasi zake, aliacha yale majani makavu yaifunike mizizi. Alikuwa ameona kwamba pale mashemeji walipokanyaga juu ya sakitu, nyayo zao zilibaki nyeusi, wala hazikufutika. Basi kila asubuhi alikaa mlangoni akifukuza watu na mbuzi, mpaka wakamwita yaya wa nyasi. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Kila alipopapasa udongo aliukuta baridi kama jiwe.

Mtoto akaja kabla ya mvua, mtoto wa kike. Watu wakajaa, naye Sekela akawazuia nje ya uwanja mpaka sakitu ikauke. Kisha bibi mmoja akamlaza mtoto juu ya nyasi kavu. Ambakisye akainama, akachuma jani moja. Likavunjika mkononi mwake, na wote wakaona. Sekela aligeuza uso, machozi yanamtoka.

Hata hivyo desturi ni desturi. Ilibidi majina ya ukoo yatajwe yote, na mtoto alale pale mpaka yaishe. Hakulia. Alisinzia, jua likimpiga. Majina yalipokwisha bibi akamwinua, kisha akabaki ameinama vilevile, hanyanyuki.

Pale alipolala mtoto palikuwa na ncha za kijani. Nyembamba kama uzi, zimejipanga kwa umbo lake, kichwa mpaka nyayo. Ambakisye alipiga magoti, akazigusa kwa kidole kimoja, akalilaza jembe lake chini.

"Mpeni jina," alisema. "Huyu ni wa kwetu."

Ndipo watu walipogeuka wakatazama viwanja vyao, vumbi tupu, wakaelewa walichozika. Mvua ilipokuja walimwendea Sekela mmoja mmoja, wakiona haya, naye hakumnyima mtu shina.

Na tangu siku hiyo nyasi za uwanda huu, ambazo zote ni za Lwitiko, hazijawahi kurefuka kupita kimo cha mtoto aliyelala. Baridi ikija zinalala, mvua ikigusa tu zinaamka, na hutamsikia mtu wa huku akisema zimekufa.

Haya, jua limeshafika uwanjani. Vua hivyo viatu, mkwe, uniletee mjukuu wetu tumlaze.