Mnuno Hacheki

Sogeeni karibu. Mwenye kiti akae, asiye na kiti aegemee ukuta. Leo nimekuja na fundo, na sikuja kulifungua mimi.

Pale Tabata palikuwa na baa ya mzee mmoja aitwaye Kiwelu, na huyo Kiwelu hakuwa mtu wa kucheka. Mteja akiingia aliulizwa swali moja tu, "Baridi au ya moto?", kisha chupa ikawekwa mbele yake. Haikufunguliwa mpaka mwenyewe aseme fungua. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile, chupa hufunguliwa kwa kauli ya mwenyewe. Watu walimwogopa, na bado walirudi.

Miongoni mwa waliorudi walikuwamo watatu wenye vipaji. Sekela aliandika, na kwa kalamu yake hata bubu angepata la kusema. Hiza alichora tangu enzi za kupamba kuta za vinyozi, na mistari michache ya mkaa ilimtosha kukutoa kama ulivyo. Bi Tunu hakuwahi kuonja pombe, alifuata soda ya tangawizi, lakini alikuwa na sauti ya kukwaruza ambayo ukiisikia gizani ungemwamkia babu.

Siku moja walimtazama Kiwelu akifuta kaunta, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe. Ndivyo alivyozaliwa Mnuno, muuza baa wa katuni ya kuchekesha ya televisheni, kwa maneno ya Sekela, mkono wa Hiza na sauti ya Bi Tunu. Walimwomba Kiwelu ruhusa kwanza. Akawaambia watumie sura yake wapendavyo, ila wasiifanye iseme uongo.

Nchi nzima ikampenda Mnuno. Watoto waliulizana "baridi au ya moto?" hata mbele ya uji.

Ndipo wakubwa wa kituo cha televisheni wakaja na lao. Mfadhili mpya hakutaka muuza baa mwenye kisirani. Alitaka Mnuno acheke, aonyeshe meno, aseme "Karibu sana, mpendwa mteja." Kiwelu alipopata habari hiyo alikasirika mpaka kitambaa kikamtoka mkononi. Kwenye kaunta yake walikaa waliofiwa, walioachwa, waliofukuzwa kazi, na kwake kumchekea mtu wa namna hiyo ni kumtukana.

Sekela aliagizwa aandike maneno matamu. Akaandika "Baridi au ya moto?" Akarudishiwa, akaandika yale yale, mpaka akaambiwa asikanyage tena kazini. Hakukanyaga, na neno hakubadilisha.

Maneno matamu yakaandikwa na mwingine, Hiza akaagizwa achore meno. Akamchora Mnuno akijifuta mdomo kwa kitambaa cha kaunta, kipindi kizima. "Meno yapo," aliwaambia. "Yapo nyuma ya kitambaa."

Bi Tunu akasimamishwa mbele ya kipaza sauti aseme "Karibu sana, mpendwa mteja." Aliyasema yote, neno kwa neno, kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Wakamrudisha na kumrudisha, mbuzi akazidi kufukuzwa. Muda ukaisha, kipindi kikarushwa hivyo hivyo.

Kukabaki mlango mmoja. Wakubwa wakamfuata Kiwelu, kwa kuwa sura ni yake. Akikubali icheke, wale watatu hawana la kusema. Wakamwahidi friji mpya. Friji yake ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na wateja waliendelea kuulizwa baridi au ya moto ingawa ya baridi haikuwapo. Kiwelu akawatazama mmoja mmoja.

"Nikicheka, nacheka kwa hiari yangu," akasema. "Huyo wenu wa kucheka kamtafuteni kwingine."

Kituo kikarudi nyuma, lakini nusu. Kikasema Mnuno hatacheka, ila lazima awe na mwenyewe mmoja tu, ambaye kauli yake ndiyo ya mwisho. Jina hilo litajwe kabla ya jua kuzama. Lisipotajwa, Mnuno ni mali ya kituo, na kesho atacheka.

Alasiri hiyo wanne wakakutana kwenye kaunta, mjumbe wa kituo akakaa mlangoni. Sekela akasema asiye na neno ni sanamu, na ni yeye aliyepoteza kazi. Hiza akasema kabla ya mkono wake hakuna aliyewahi kumwona Mnuno. Bi Tunu akasema zimeni picha, watu bado watamjua.

Ikawa zamu ya Kiwelu. Aliwapenda watu hawa, na lilimuuma kujua kwamba hata hivyo hakuwa tayari kuwaachia uso wake. "Mlimtoa hapa," akasema, akigusa shavu lake. "Ninyi mkishachoka naye, mimi nitaendelea kutembea naye barabarani."

Kisha akachukua chupa moja ya soda ya tangawizi, akaiweka katikati ya kaunta, akashika opena.

"Mwenye Mnuno aseme fungua."

Midomo minne ikafumbuka, wa Kiwelu ukiwa mmojawapo. Mjumbe akainuka kutazama jua.

Mimi naishia hapo hapo kwenye kaunta. Chupa haijafunguliwa, na jua halimsubiri mtu. Enyi mliokaa na mlioegemea ukuta, ifunguliwe kwa kauli ya nani? Je, wewe ungeamua vipi? Jibu sasa, na usinijibu huku unacheka.