Ini la Wifi

Ndugu zangu, niwape habari ya mwalimu mmoja wa darasa la pili ambaye ini lake liliharibika akiwa na miaka thelathini na minne. Ndugu zake wa kuzaliwa walipimwa mmoja mmoja, hawakufaa. Aliyefaa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye alikuwa hasalimiani naye tangu siku ya harusi. Wifi alikubali. Alilala akapasuliwa, akatoa zaidi ya nusu ya ini lake, likapandikizwa tumboni mwa mwalimu.

Akapona. Kwa miaka kumi na miwili alimeza vidonge asubuhi na jioni, saa ile ile. Alivimeza safarini, alivimeza akisimamia mitihani, alivimeza hata siku aliyomzika mama yake. Watu wakamwambia, "Si umeshapona wewe? Achana na madawa." Yeye akacheka tu, akaomba maji.

Basi mwaka huu daktari akachukua kinyama kidogo cha lile ini akakipima. Vipimo vya damu vilikuwa vizuri, mwalimu alikuwa na nguvu zake, lakini kile kinyama kilikuwa na makovu.

"Nimekosea wapi, daktari?"

"Hujakosea, mwalimu. Kila chembe ya ini hili ina alama ndogo mno za yule aliyelitoa. Dawa zimeutuliza mwili wako, lakini haujazizoea zile alama. Kimya kimya umetengeneza kingamwili za kuzishambulia, na mashambulizi hayo yanaacha makovu. Tutabadilisha dawa. Ila siwezi kukuahidi kwamba ini litadumu."

Mnauona uzito wake? Mtu ametimiza kila aliloagizwa, na bado. Wewe ungekuwa yeye, ungesemaje?

Mwalimu hakulia pale. Kilichomchoma ni kimoja: atamwambia nini wifi? Siku tatu hakula vizuri. Ya nne akaenda, akamkuta anachambua mchicha uani, akavuta kigoda akakaa.

"Wifi, nisamehe. Ulichonipa kinaniharibikia."

Wifi akaendelea kuchambua. Halafu akauliza, "Mwanao wa mwisho ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Siku ile napasuliwa, alikuwepo duniani?"

"Hakuwepo."

"Sasa unaniomba msamaha wa nini? Mimi sikukuazima ini, wifi. Nilikupa. Nilitaka uishi, na umeishi. Nisogezee hilo beseni, halafu uniambie kliniki ni lini, tutakwenda wote."

Hapo ndipo mwalimu alipolia.

Walikwenda wote. Dawa zikabadilishwa. Makovu yamepunguza mwendo, hayajakoma, na mwalimu bado anafundisha watoto kusoma.

Sisi je? Tunampa mtu shati, kila akilivaa tunalikagua. Tunamlea mtoto wa ndugu yetu, akifeli tunamkumbusha wali aliokula kwetu. Tunasamehe, kisha tunarudi kuangalia kama msamaha wetu umetumika vizuri. Huko ni kutoa kweli, au tumeazimisha na bado tumeshikilia ncha ya pili?

Yupo mtu anayekukwepa njiani kwa sababu ulimpa kitu, kikamharibikia. Unamjua kwa jina. Leo, kabla hujafika nyumbani, pita kwake. Mwambie ulimpa.