Mchongaji wa Jumba la Kaizari

Wapendwa, kulikuwa na mchongaji mmoja kule Roma ya zamani. Kaizari mzee alimwagiza achonge ukutani sura za ukoo wake: yeye mwenyewe na wanawe watatu, wameshikana mikono. Mchongaji aliwachonga kwa upendo. Vijana wale aliwajua tangu wanatambaa.

Mzee akafa, mwana wa kwanza akatawala. Mwaka haukuisha, akamwita mchongaji.

"Mfute huyu mdogo. Nimeshamuua. Sitaki hata pua yake ionekane."

Mchongaji alishika patasi, machozi yakimdondokea mikononi. Baada ya miaka miwili akaitwa tena, akamfuta na wa pili.

Miaka ikapita. Kaizari akaugua ugonjwa wa kufa, hana mke wala mtoto. Akaomba abebwe hadi kwenye ukuta ule. Akapapasa mashimo palipokuwa na nduguze.

"Unaweza kuwarudisha?"

"Siwezi, bwana. Jiwe limekwisha, hapana pa kuchonga."

"Sasa macho yangu atayafumba nani?"

Alipokata roho, alifumbwa macho na mchongaji, mtu baki.

Jioni mchongaji akamwambia mkewe, "Leo nimeona mtu katili akifa peke yake."

Mkewe akamtazama. "Na kaka yako je? Mmegombania shamba la mizabibu, mwaka wa kumi na moja huu hujakanyaga kwake."

Kesho yake alfajiri mchongaji akashika njia kwenda kwa kaka yake. Alipobisha, shemeji yake alifungua akiwa na nguo za msiba.

"Umechelewa, shemeji. Tumemzika juzi. Kila mlango ukilia alikuwa anauliza, 'Ndiye?'"

Mchongaji akakaa chini pale pale kizingitini, akalia kama mtoto.

Wapendwa, sisi hatuna majumba ya kifalme. Hatujaua mtu. Lakini namba ya nani umeifuta kwenye simu yako? Ni jina gani likitajwa mezani kwenu, watoto wananyamaza? Tunamlaani kaizari, kumbe patasi tunayo sisi! Tunasema, "Yeye ndiye aanze." Je, akiondoka kabla hajaanza, utamwambia nani samahani? Kaburi?

Nilikuwa na maneno mengine ya kusema leo, nayaacha. Ibada ikiisha, usipitie nyumbani kwanza. Kama bado yu hai, nenda.