Kiti cha Pili cha Ifakara

Hapo zamani, na msininunie, kwa sababu zamani si lazima iwe ya wafalme na majini. Zamani ni wakati wowote ambapo jambo lilitendeka na watu hawajaacha kubishana. Hapo zamani, basi, palikuwa na shirika moja la kuchimba visima mjini Morogoro, na ndani yake marafiki wanne waliokaa chumba kimoja na kugombea feni moja. Wote wanne walikuwa na mikataba ya muda. Mkataba wa muda mnaujua. Ni ule wa kufanya kazi za watu wa kudumu, ukaitwa "mwenzetu" kazi ikizidi, na "bado tunaangalia" ukiuliza hatima yako.

Wa kwanza alikuwa Semeni, binti wa Kiluguru, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika ripoti ambazo wanaume wenye tai walizisoma mikutanoni kwa sauti nzito kana kwamba wamezizaa wao. Wa pili Nakijwa, Mpare, mtu wa pampu na mabomba, mwenye mdomo usiokubali kushindwa. Wa tatu Aikande, Mchaga, wa mapokezi, ambaye simu na kiganja chake vilikuwa vimeota pamoja. Wa nne Kapinga, mpima ardhi, mwanamume pekee chumbani, mwenye gari dogo jeupe aliloliita Bibi Harusi. Ukitaka kupanda Bibi Harusi, unakung'uta viatu kwanza. Mahindi ya kuchoma, hapana. Karanga, hapana. Aikande alisema siku moja atawakataza na kupumua.

Sasa mkurugenzi wao, Bwana Lukindo, akawaita akawaambia kwamba ofisi ya Morogoro itafungwa mwisho wa mwaka. Kazi inahamia Ifakara, na huko kuna viti viwili tu. Kiti cha kwanza ni cha mkuu wa kituo, atakayepatikana kwa usaili. Kiti cha pili ni cha msaidizi, na huyo atachaguliwa na mkuu mwenyewe kutoka humu humu ofisini. Wengine, akasema Bwana Lukindo, tunawashukuru sana.

Walioruhusiwa kuomba ukuu kwa elimu yao walikuwa Semeni na Nakijwa. Wakaomba wote wawili, wakaendelea kula sahani moja. Wakiuliza usaili ni lini, wanajibiwa watataarifiwa. Wiki ikapita, watataarifiwa. Nyingine ikapita, watataarifiwa.

Hapo Kapinga akaja na wazo lake. Jumamosi twendeni Kinole, tukaone maporomoko, tuchome mahindi, tulale huko kwenye vibanda vya wageni. Semeni akakataa, akasema atabaki kujisomea, maana wageni wa Dodoma watakaowasaili wanaweza kuja wakati wowote. Kapinga akamcheka. Akasema amezungumza na dereva wa Bwana Lukindo, na dereva ndiye anayejua mambo yote ya ofisi, na dereva amesema wageni hawaji kabla ya katikati ya wiki. Semeni akalegea. Nakijwa yeye hakwenda. Alikuwa ameshapanga na msusi wake, na msusi mzuri humwachi.

Aikande naye akatoa sharti la safari. Akasema Jumamosi yote na Jumapili yote simu zitalala ndani ya hotipoti, kifuniko juu, ili watu wazungumze kama watu. Wenzake wakaguna, kwa sababu safari iliyopita ni yeye aliyeinama kwenye simu kwenda na kurudi, hadi wakamwambia akirudia tena hawatakwenda naye popote. Aikande akaapa kwa mama yake mzazi. Walipofika Kinole, simu tatu zikaingia kwenye hotipoti.

Basi jua likapanda. Maporomoko yakawa yanapiga kelele zake, Semeni ameloa na amecheka, Kapinga anapuliza makaa. Aikande akasema anakwenda kujisaidia. Alichokwenda kukisaidia ni roho yake: alikuwa ameichomoa simu kwenye hotipoti na kuificha ndani ya kanga. Akapanda kilima cha migomba kutafuta mtandao. Mtandao ulipopatikana, kwanza akajibu salamu za kijana mmoja wa Kihonda. Kisha akatuma picha ya maporomoko. Kisha akacheka peke yake. Halafu ndipo akafungua kundi la ofisi, na humo akakuta maneno ya Bwana Lukindo: wageni wamebadili ratiba, usaili ni leo alasiri, asiyekuwepo ataondolewa.

Jumamosi. Leo alasiri. Na mtu asipojibu Jumamosi wanasema hana ari. Haya, nisitoke nje ya hadithi.

Aikande akampigia Nakijwa, akamwambia Semeni yuko Kinole na hajui lolote, awaambie wageni anakuja. Nakijwa akasema sawa. Simu ikakatika. Aikande akasimama pale kwenye migomba akijua kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kuwa alivunja kiapo. Akiteremka kusema, ataonekana mwongo, aliyeapa kwa mama yake bure, na safari zake na watu hawa ndiyo mwisho. Akateremka. Akainyanyua simu juu ili wote waione kabla hajafungua mdomo.

Hakuna aliyemgombeza. Mahindi yaliachwa motoni.

Mvua ya usiku ilikuwa imeiharibu barabara, na mbele kidogo tu wakakuta lori la ndizi limelala upande, limeziba njia yote. Watu waliokuwa wakitoka gulioni wakawaonyesha njia ya chini, mahali ambapo matrekta huvuka kijito. Kapinga akashuka. Akayatazama maji. Akalitazama gari, jeupe, limeoshwa upya walipofika Kinole. Wakasubiri aseme haiwezekani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akarudi akaketi, akasema, "Semeni, pandisha miguu juu ya kiti."

Wakaingia. Maji yakaja hadi milangoni, yakaingia ndani bila kukung'uta viatu. Bibi Harusi akakohoa, akapanda ng'ambo, akakohoa mlima mzima na mteremko mzima, na walipofika Bigwa, mji ukiwa mbele yao kabisa, akazima. Kapinga hakufungua hata boneti. Alikimbilia barabarani, akasimamisha bodaboda, akampakia Semeni. Fundi alimwambia baadaye kwamba injini imekunywa maji na akalitazama gari hilo jinsi watu wanavyotazama maiti.

Tuwaache Bigwa. Twendeni ofisini.

Nakijwa alikuwa kwa msusi ujumbe ulipoingia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Alifunga kitenge kichwani akaenda hivyo hivyo. Akawaambia wageni wa Dodoma kwamba mwenzake yuko njiani. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani, akasema vizuri, basi tuanze na wewe, ukimaliza na yeye hajafika tunafunga, tuna safari.

Mmeelewa hapo? Akimaliza, na mwenzake hajafika, kiti ni chake. Alichotakiwa kufanya ni kujibu vizuri na kunyamaza. Na alijibu vizuri. Aliulizwa pampu, akajibu. Aliulizwa bajeti, akajibu. Mama wa miwani akatabasamu, akasema asante, umetufurahisha, unaweza kwenda.

Nakijwa akatazama dirishani. Hakuna bodaboda. Akasema ana la kuongeza.

Akaongeza kisima cha Mvomero. Akaongeza kisima cha Kilosa, na kwa nini kilichimbwa mahali pabaya, na nani alishauri pachimbwe pale. Bwana Lukindo akakohoa. Nakijwa akahamia chumvi ya maji, akatoka kwenye chumvi akaingia kwenye kutu, akaomba jopo limfafanulie swali la kwanza ili alijibu upya. Tabasamu la mama wa miwani likaisha. Akasema, "Binti, tumekuuliza jina la mto. Hatujakuuliza ukoo wake." Nakijwa akaomba radhi, akauelezea huo ukoo wa mto. Mjumbe mmoja akaweka kalamu chini. Mwingine akanong'ona, na Nakijwa akasikia, kwamba huyu ana akili lakini hafai kuongoza watu, atawachosha.

Alisikia, na akaendelea.

Alikuwa bado anaendelea Semeni alipotokea mlangoni na kanga mbichi na matope hadi magotini. Nakijwa akakatisha sentensi katikati. Akainuka, akafungua kitenge chake, akampa mwenzake ajipanguse miguu, akatoka mbele ya wageni wa Dodoma na kile kichwa chake, nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Semeni akajibu maswali yake. Ripoti zote zile alikuwa ameziandika yeye; hakuna walichouliza ambacho hakukijua. Jumatatu asubuhi ikatangazwa: mkuu wa kituo cha Ifakara ni Semeni. Na kabla ya saa za kazi kwisha alete jina la msaidizi.

Mchana wakakaa kwa mama ntilie wao wa siku zote, wali maharage mezani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekula kwenye sahani ya mwenzake. Kila mmoja alijua kwamba wanaotoka hapo kwenda Ifakara ni wawili, na wanaotoka kwenda nyumbani ni wawili.

Aikande akaanza. Alisema bila kumtazama mtu.

"Mimi ndiye niliyeona. Nisingeona, mngekuwa bado mnageuza mahindi. Na nilichokitoa si simu, ni uso wangu. Nilikuja mbele yenu nikiwa mwongo kwa hiari yangu, na ningeweza kubaki mwema kwa kunyamaza."

Kapinga akasema habari isiyo na gurudumu ni umbea tu. Akasema na sharti la hotipoti lilitoka kwa nani? Aliyewafungia simu ndiye leo anadai tuzo ya kufungua. Na kule kilimani, simu yenyewe ilionyesha, kijana wa Kihonda alijibiwa kwanza, Semeni baadaye.

Kisha naye akasema lake. "Mimi ndiye niliyemfikisha. Gari lile nililinunua kwa kujinyima miaka, sasa kuku wa fundi wanalala ndani. Sikuuliza nitapata nini. Niliuliza tu miguu yake iko wapi."

Hapo Nakijwa akacheka, kicheko kikavu. Akamwambia, kaka yangu, pole ya gari umepewa na utapewa tena. Lakini nani alimtoa Semeni kwenye vitabu vyake akampeleka porini, kwa ushahidi wa dereva? Mtu amekuangusha kisimani, kisha anakudai kwa sababu amekuvuta.

"Ninyi wawili mlimsaidia apate," akasema Nakijwa. "Mimi nilikuwa nimeshapata. Kiti kilikuwa chini yangu, nikakikalia mpaka mwenyewe alipofika, nikamwachia. Hakuna kati yenu aliyetoa kitu alichokuwa anakigombea na Semeni."

Kisha Aikande, na hapa utani wa Mchaga na Mpare uliishia, akamuuliza taratibu.

"Mtani wangu, ulijua mkuu anachagua msaidizi. Ukishinda wewe, una kiti. Akishinda Semeni akijua ulivyomfanyia, una kiti vilevile, na bado unaitwa mwema. Sasa ulitoa nini?"

Huyu aliyeuelezea ukoo wa mto hakupata neno. Sasa mtu akikosa jibu, ni kwa sababu amekamatwa, au kwa sababu ameumizwa? Hilo nalo mlipime.

Semeni akasukuma sahani, akaenda ofisini. Kwenye korido akakutana na Bwana Lukindo, aliyempa ushauri ambao hakuombwa: amchukue Kapinga, Ifakara kunahitaji mwanamume wa kushika mambo. Mambo gani hayo, na miaka yote hii yalikuwa yameshikwa na nani? Lakini msimnyime Kapinga haki yake kwa sababu ya mdomo wa bosi, hakumtuma. Na msimpe Nakijwa kwa sababu mnapenda wanaojitoa mhanga, wala msimdharau Aikande kwa sababu kazi yake ilikuwa kuona tu. Na wewe wa nyuma uliyenyoosha mkono kusema wagawane, ushushe. Kiti ni kimoja.

Mlango wa Bwana Lukindo uko wazi. Semeni ameingia, amesimama mbele ya meza, na nyuma yake, kwenye kile chumba cha feni moja, wenzake watatu wamekaa wakisikiliza kupitia ukutani. Aliyeona, aliyemfikisha, na aliyeuzuia mlango usifungwe. Atafungua kinywa sasa hivi, na jina likishatoka halirudi.

Je, amtaje nani? Na wale wawili watakaobaki, nani kati yenu atakwenda kuwaeleza kwa nini si wao?