Bi Nakijwa Ahamie kwa Nani?

Sogeeni, mkae vizuri, maana hadithi hii inadai hukumu kwenu.

Huko milimani Upareni aliishi Bi Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu. Yusta, wa kwanza, alijaliwa mkono wa kutoa. Mbonea, fundi mwashi, alijaliwa jicho. Ufa mwembamba ukutani haukumpita. Foibe, kitindamimba, alijaliwa subira, na kuku wake waliijua sauti yake.

Siku moja Bi Nakijwa alimwagikiwa makande yanayochemka. Mguu ukaungua vibaya, goti hadi kifundo. Nyumba yake ilikwisha kulegezwa na mvua, naye akasema kwa uchungu, "Atakayeniponya, kwake ndiko nitakakohamia, na uani kwake ndiko nitakakozikwa."

Kisha chakula kikamshinda. Kila alichomeza alikitapika.

Yusta aliposikia, aliuza cherehani yake, akanunua makopo ya unga wa kolajeni, ule utokanao na ngozi na mifupa ya ng'ombe. "Hii ni protini tupu, mama. Inajenga ngozi." Akaukoroga katika uji mwembamba wa mahindi, na uji huo ndio uliotulia tumboni kwanza. Mama akafumbua macho, akawaita wanawe kwa majina. Yusta alilia kwa furaha. Halafu akaamuru maharage, maziwa na dagaa viondolewe kabisa. "Kopo linatosha. Msimchoshe mama tumbo." Wadogo zake wakatii, maana dada mkubwa akishasema, amesema.

Wiki zikapita. Bi Nakijwa alikunywa uji bila kukosa, lakini kidonda hakikufunga, na mapaja yakazidi kupukutika. Alijua kwamba anafifia. Hakusema, kwa kumwonea haya binti aliyeuza cherehani kwa ajili yake.

Mbonea ndiye aliyeona. Akimgeuza mama kitandani, aligundua kingo za kidonda ziko palepale. Akaenda zahanati, akarudi na muuguzi. Muuguzi akalisoma lile kopo.

"Mwili unajengwa kwa vipande vingi," akasema. "Tisa hauwezi kuvitengeneza wenyewe, lazima viliwe. Unga huu ni protini, sawa, lakini kipande kimoja hauna kabisa, na vingine ni haba. Uji wa mahindi nao hauzibi pengo hilo. Wewe fundi, ungejenga kwa mchanga bila saruji?"

Mbonea akamgeukia Yusta. "Dada, unamnyima mama ukidhani unampa."

Yusta akatoka nje, na tangu hapo hawakusemeshana.

Foibe hakubishana na mtu. Mumewe alikuwa amemwacha, na mayai aliyoyatenga yaatamiwe ndiyo aliyotegemea kuanzia maisha. Akayachemsha hayo. Akaponda na maharage, akamlisha mama kijiko kwa kijiko, akingoja ameze. Mwaka ule banda lake halikupata kifaranga hata kimoja. Kidonda kikaanza kufunga toka pembeni, taratibu, hadi kikafunga chote. Bi Nakijwa akasimama.

Asubuhi ya kuhama, wote watatu walikuja kumchukua.

"Bila uji wangu, mayai hayo angelishwa maiti," Yusta akasema.

"Bila jicho langu, mngemlisha kopo hadi kaburini," Mbonea akajibu.

Foibe alisimama ameshika fimbo ya mama. Bi Nakijwa alimtazama, akakumbuka kile kijiko kilichokuwa hakichoki. Akamtazama Mbonea, aliyempoteza dada kwa kusema kweli. Akamtazama Yusta, vidole vyake visivyo na kazi tena, na moyo ukamuuma. Neno alilolitoa kitandani sasa lilikuwa linawadai wawili kati yao warudi nyumbani bila mama.

Amefunga nguo zake ndani ya kanga, yuko mlangoni. Mguu umepona, na hajui auelekeze wapi. Nanyi mnaonisikiliza, mama anawangoja. Mngemwambia ahamie kwa nani?